Mtaguso wa Nisea Barazani kwa Baba Mkubwa

Mwaka 1975 nilikuwa mkatekumeni katika kigango chetu, Chitete. Suala lililowakutanisha maaskofu Nisea mwaka 325 nililisikia likibishaniwa kwa Kinyamwanga, barazani kwa baba mkubwa, kabla sijalisoma popote. Vitabu vilikuja baadaye, na kila nilipovifungua nilikuta hoja ambazo tayari nilikuwa nimezisikia.

Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu vijijini, ndiyo iliyotuweka pamoja. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa karibu na mashamba yake ya ulezi: Wakatoliki wenye asili ya misheni ya Mkulwe huku, Wamoravian wa upande wa Mbozi kule, watu wa Chitawala peke yao. Kijijini tulipanga nyumba safu moja. Tukisali rozari jioni jirani anasikia, naye akisoma Biblia yake kwa sauti tunasikia.

Chitawala ni jina tulilowapa wafuasi wa zamani wa Watch Tower, na historia yao huku mpakani si ya jana. Novemba 1918, jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipofika Fife, ng'ambo ya Tunduma, watu wetu walikuwa hoi kwa kazi ya tengatenga, kubeba mizigo ya vita isiyokuwa yao. Siku zilezile Hanoc Sindano na wenzake walikuwa wanahubiri kwamba mwisho umekaribia, wanawabatiza watu kwa kuwazamisha majini. Mwaka 1919 Waingereza waliwakamata wengi. Nadhani si suala la Utatu lililowavuta watu wakati ule. Waliochoka kubebeshwa walisikia kwamba Mungu anakuja kuwatua mzigo, na hilo lilitosha. Lakini nyuma ya mahubiri kulikuwa na vitabu vya Charles Taze Russell, na humo Utatu Mtakatifu ulikataliwa waziwazi. Babu yetu alizamishwa. Baba mkubwa alirithi imani ile pamoja na Biblia yake, akaishika hata baada ya Mashahidi wa Yehova kupigwa marufuku nchini miaka ya 1960.

Mwalimu wetu wa dini, yaani katekista, alikuwa mdogo kwake kwa umri, na hakuwahi kupita pale bila kusimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa hapo. Nieleze: mtoto anaweza kuwa na umri sawa na baba yake?"

Sisi vijana tulitazamana. Kwetu, ambako mtoto hukaa kimya baba akisema, swali lile lilikuwa limekwisha kabla ya kujibiwa.

"Katika nyumba hii haiwezekani," mwalimu akasema. "Lakini wewe, mzee, ulianza lini kuwa baba?"

"Nilipompata kifungua mimba wangu."

"Kabla ya hapo?"

"Sikuwa baba wa mtu."

"Basi Mungu naye, kuna wakati hakuwa Baba? Akaja kuwa Baba baadaye?"

Baba mkubwa hakujibu haraka. Alifungua Yohane 14:28, mahali Yesu anaposema kwamba Baba ni mkuu kumpita, akamsogezea mwalimu kitabu.

Hakuna aliyekuwa pale aliyekuwa amemsoma Ario. Lakini swali la baba mkubwa ndilo alilouliza Ario, padre wa Aleksandria, karibu mwaka 318: ikiwa Mwana amezaliwa, basi pana mwanzo wa kuwapo kwake, naye ni kiumbe, hata kama ni wa kwanza na bora kuliko vyote. Nalo jibu la mwalimu ndilo la askofu wake, Aleksanda, na baadaye la Atanasi: ubaba wa Mungu haukuanza siku fulani, kwa hiyo Mwana hana siku ya kuanza. Ario hakuwa mjinga wala mhuni. Alitaka kulinda umoja wa Mungu, na aliweka mafundisho yake katika nyimbo ambazo, kwa masimulizi ya kale, ziliimbwa na mabaharia na wasaga nafaka. Ndiyo maana mabishano hayakubaki kwa wasomi.

Mfalme Konstantino aliitisha mtaguso kwa sababu ugomvi huu ulikuwa unaigawa dola aliyotoka kuiunganisha. Walifika maaskofu wapatao 300, wengi kutoka mashariki, baadhi wakiwa na makovu ya dhuluma za miaka michache nyuma. Waliamua kwamba Mwana ni wa uungu uleule wa Baba, hakuumbwa. Maaskofu wawili wa Libya walikataa kutia saini, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Ario.

Hapo ndipo baba mkubwa alipokuwa na hoja yake nzito. Jioni nyingine alisema, "Imani yenu ilipitishwa na mfalme. Serikali ikikaa kwenye kiti cha mbele, nani atapinga?" Tulikuwa watu ambao serikali ilikuwa imetoka kutupangia mahali pa kujenga. Hoja ile iliingia.

Nimeifikiria kwa miaka mingi. Mkono wa mfalme ulikuwapo, na kuwafukuza watu makwao kwa sababu ya imani ni doa ambalo Kanisa halipaswi kulifunika. Lakini angekuwa mfalme ndiye mwamuzi, Ario angeshinda. Konstantino mwenyewe alimruhusu arudi, na mwaka 337, akiwa mahututi, alibatizwa na Eusebi wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Mwanawe Konstansio alitumia nguvu zote za kiti chake kuibadili imani ya Nisea. Atanasi, aliyekwenda Nisea akiwa shemasi na baadaye akawa askofu wa Aleksandria, alifukuzwa mara tano na kukaa uhamishoni miaka kama 17. Kwa zaidi ya nusu karne mitaguso ilipingana, hii ikijenga na ile ikibomoa, mpaka Konstantinopoli mwaka 381 ilipoithibitisha Nisea na kukiri kwamba Roho Mtakatifu naye huabudiwa pamoja na Baba na Mwana.

Kilichoishikilia imani muda wote ule kilikuwa ibada ya watu. Mwalimu alilisema hili vizuri kuliko padre yeyote niliyemsikia. Alimuuliza baba mkubwa: "Watu wanabatizwa kwa jina la nani? La Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Je, tunawabatiza kwa jina la Mungu mmoja na viumbe wawili?" Nilipokuja kuwasoma Atanasi na Basili wa Kaisaria, nilikuta wametumia ubatizo vivyo hivyo. Na baba mkubwa aliposema kwamba yeye anafuata Biblia tu, mwalimu alimkumbusha kwamba orodha ya kale kabisa tuliyo nayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyohivyo bila pungufu wala ziada, iko katika barua ya Atanasi ya mwaka 367. Nisea yenyewe haikuchagua vitabu vya Biblia, ingawa nasikia watu wakisema hivyo hadi leo.

Baba mkubwa hakuhama dini. Alizikwa na wenzake wa Chitawala, nasi tulikwenda kubeba jeneza.

Askofu Gregori wa Nisa anasimulia kwamba katika Konstantinopoli ya wakati wake ukitaka kubadilisha fedha ulielezwa habari za aliyezaliwa na asiyezaliwa, na ukiuliza bei ya mkate uliambiwa Baba ni mkuu kuliko Mwana. Yeye aliudhika. Mimi ninayewajua wabadilisha fedha wa Tunduma naona ni heshima kubwa kwa mji, watu wa sokoni kulijali jambo hilo kiasi kile.

Tunduma ndiko nilikoona pia jeraha la mtaguso mwingine. Vijana wa Ethiopia walikuwa wanapita kuelekea Afrika Kusini, na mmoja wao, mwenye uzi wa msalaba shingoni, alikaa parokiani siku chache. Alikuwa Mwortodoksi wa Tewahedo. Kanisa lake linakiri Nisea, Konstantinopoli na Efeso, lakini si Kalsedonia ya mwaka 451, iliyofundisha kwamba Kristo ni nafsi moja katika asili mbili. Wamisri na Waethiopia waliona maneno hayo yanamkata Kristo vipande viwili. Waliotengana pale wote walimwabudu Kristo yuleyule, Mungu kamili na mtu kamili, na inaniuma kwamba ilichukua hadi Mei 1973 kwa Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Aleksandria kulitamka hilo pamoja kwa saini zao.

Tamko lile halikurudisha ushirika wa meza. Jumapili kijana yule alisali nasi, akapiga magoti palepale tulipopiga, lakini hakukomunika. Padre alimweleza sababu taratibu, naye akajibu kwamba hata padre wake wa nyumbani angemwambia hivyohivyo.