Pantoni, daladala na gego la mwisho

Ukitoka Kigamboni unavuka kwa pantoni, unapanda daladala pale Feri, unashuka Muhimbili na kijana wako aliyeshika shavu. Kwenye benchi la kliniki ya meno wazazi hawakosi ushauri: ng'oa yote manne, yaishe. Haraka ya nini? Magego ya mwisho kwa kawaida huota kati ya umri wa miaka 17 na 25. Lililosimama wima, mswaki ukalifikia, liache. Hata mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2000 ulishauri mazima yasing'olewe. Lililooza, au lililolala na kuvimbisha fizi kila mara, hilo litoke. Ila eksirei kwanza. La chini likiwa karibu na mshipa wa fahamu, mdomo unaweza kubaki na ganzi. Muulize daktari kabla kijana hajakalia kiti.