Vigingi vya Ukulele: Ni Nani Atakayekaza Nyuzi?

Ukulele ni ala ndogo ya nyuzi nne, mfano wa gitaa, iliyozaliwa visiwani Hawaii baada ya wahamiaji wa Kireno kutoka Madeira kufika huko mwaka 1879 na magitaa yao madogo. Nyuzi zake za nailoni haziumizi vidole vya mtoto, na ndiyo maana wazazi wengi huichagua iwe ala ya kwanza ya muziki nyumbani. Hata hivyo, wengi hutazama rangi na bei, wakasahau kitu kidogo kilichoko kichwani mwa ala hiyo: vigingi vya kukazia nyuzi.

Vigingi hivyo ni vya aina mbili. Aina ya kwanza hushika kwa kubanwa tu. Kishikio kikizungushwa mara moja, mhimili wenye uzi nao huzunguka mara moja. Aina ya pili ina gia. Meno yake hupunguza mwendo, hata ikabidi kishikio kizungushwe kiasi cha mara 14 ndipo mhimili uzunguke mara moja.

Katika nyumba moja ya askari huko Kibagabaga, mjini Kigali, jambo hili lilizua mjadala. Baba alikuwa akijiandaa kwenda kulinda amani nje ya nchi, kazi ambayo majeshi ya Rwanda yamekuwa yakiifanya tangu mwaka 2004, naye alitaka kumwachia binti yake wa miaka minane ukulele. Moyo wake ulipenda vigingi vya kubana. Ni vyepesi, alisema, havikielemei kichwa cha ala, wala havichomozi pembeni kama masikio. Tena udi wa taarabu na fidla vimetumia vigingi vya mbao kwa karne nyingi. Na inanga ya Rwanda haina kigingi hata kimoja, bali uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huko katika pengo za ubao, ukashikiliwa na msuguano tu.

Mkewe hakuyakanusha hayo. Aliuliza swali moja: "Baba watoto, wewe ukiwa huko, ni nani atakayezikaza nyuzi hizi?"

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mpiga udi na mpiga inanga wana sikio na mkono uliofunzwa kwa miaka. Mtoto hana. Nyuzi mpya za nailoni huendelea kuvutika kwa siku kadhaa, na sauti hushuka kila mara. Kigingi cha kubana kikisogezwa kidogo tu, sauti imekwisha kupita kiasi. Skrubu yake ikilegea, kigingi huteleza. Ikikazwa mno, hakigeuki. Zaidi ya hayo, mbao hupata unyevu wakati wa mvua za Machi hadi Mei, kisha hunywea katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, hivyo bisibisi haikai mbali.

Mtoto apigaye ala isiyolingana sauti hudhani kosa ni la vidole vyake. Hujaribu leo, hujaribu kesho, kisha huitundika ukutani. Na zawadi ya baba aliye safarini ikinyamaza ukutani, huleta huzuni mahali palipotakiwa faraja.

Baba alikubali gia. Kabla ya safari, mama na binti walijifunza pamoja kuulegeza uzi kidogo chini ya sauti itakiwayo, kisha kuupandisha polepole hadi uifikie. Kukaza namna hiyo huzuia gia isirudi nyuma.

Si kwamba kila gia ni njema. Mnunuzi na azungushe kila kigingi dukani: kisiwe na ulegevu, wala kisikwame, na skrubu zake ndogo ziwe zimekaza. Wala vigingi vya kubana si vya kudharauliwa. Mwenye ujuzi atafurahia wepesi wake, mradi aweke bisibisi ndogo karibu.

Lakini kwa askari na polisi, ambao wito wa kazi huwatoa nyumbani wakati wowote, kanuni ni nyepesi: chombo cha nyumbani huchaguliwa kwa kuufikiria mkono wa yule atakayebaki nacho.