Wa Nane

Ukikataliwa mara nyingi, unaanza kuingia kwa intaviu ukiwa umeshashindwa. Nimezungusha bahasha ya kaki Nairobi miaka miwili. Barua ya kwanza ya "tunasikitika" niliicheka. Ya kumi ilishusha sauti yangu, hadi wa duka akawa ananiuliza, "Ati unataka nini?"

Si uoga tu. Zawadi usiyoitarajia ikija, dopamini hupanda ubongoni. Uliyoitarajia ikikosekana, hushuka. Na kwa wanyama wengi, aliyeshinda pigano moja huingia la pili kifua mbele. Aliyepigwa hujikunyata, hata mbele ya mnyonge.

Lakini Oktoba 2020 Eliud Kipchoge alimaliza wa nane London, baada ya miaka 7 bila kushindwa marathoni. Agosti 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Sapporo. Katikati hapo hakukuwa na muujiza. Ni mazoezi tu, na wenzake, Kaptagat.

Mimi sina Kaptagat. Nina rafiki wawili na meza ya jikoni. Kila Jumatatu tunasomeana barua zetu za maombi kwa sauti, kubwa kabisa, mpaka jirani agonge ukuta.