Zuru nyumba yako kabla kamera haijawashwa

Msomaji, ziara ya leo haihitaji nauli. Hatuendi Malindi kutazama bahari wala Naivasha kutazama viboko. Tunazuru nyumba ya orofa ya nne katika mtaa wa Umoja, Nairobi, mtaa ulioanza miaka ya 1970 kwa nyumba za chini na ambao leo umejaa magorofa. Huenda nyumba hiyo ikafanana na yako.

Tunaizuru kwa sababu siku hizi mwanafunzi wa sekondari au wa chuo hupewa kazi ya kutengeneza filamu fupi. Simu huwa kamera, wanafunzi wenzake huwa waigizaji, na nyumbani kwao huwa studio. Mzazi hufurahi. Afadhali wako nyumbani, husema, kuliko kurandaranda mitaani.

Hapo ndipo tunapojidanganya. Nyumbani ni mahali ambapo macho yetu yamezoea hata hayaoni tena. Mgeni hujikwaa kwenye zulia lililokunjika, lakini mwenyewe hulivuka kila siku bila kufikiri. Siku watoto kumi watakapoingia na nyaya na taa, zulia hilo halitamvumilia mtu. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Usidhani ajali za filamu ni mzaha. Tarehe 20 Februari 2014, huko Georgia, Marekani, msaidizi wa kamera aliyeitwa Sarah Jones, mwenye umri wa miaka 27, aligongwa na treni na kufa. Kikundi chake kilikuwa kikipiga picha kwenye daraja la reli bila idhini ya wenye reli. Mwelekezi wa filamu hiyo alikiri kosa mahakamani mwaka 2015 na akafungwa jela. Watu hao walikuwa na ujuzi wa miaka mingi. Walichokosa ni mtu wa kusema, "Hapa hatupigi picha."

Basi chukua daftari na kalamu, tuanzie mlangoni.

Ngazi za magorofa mengi ni nyembamba na zenye giza. Hapa kuna mitungi ya maji, pale kuna pikipiki ya jirani. Mpigapicha anayerudi kinyumenyume huku macho yake yakiwa kwenye kioo cha simu hataviona. Awekwe mwenzake nyuma yake, amshike bega na kumwongoza. Kisha tazama mlango wenyewe. Una geti la vyuma na kufuli, na madirisha yana vyuma pia. Ufunguo uko wapi? Ikiwa amekwenda nao mama sokoni, watoto wamefungiwa ndani. Moto ukizuka, hawana pa kutokea.

Sasa tuingie sebuleni. Umeme wetu ni wa volti 240, na plagi ya pini tatu imekusudiwa ampea 13. Ukizidisha utaona kwamba soketi moja haifai kupita takriban wati 3,000. Birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,200 na taa mbili za wati 500 zikichomekwa kwenye ekstensheni moja, tayari umefika wati 4,200. Waya wa ekstensheni ulioachwa umeviringika hupata joto hata kabla ya hapo, kwa hivyo ukunjue wote. Upitishe kando ya ukuta, wala usiufiche chini ya zulia. Zile taa kubwa za halojeni za kuazima huwa moto sana na zinaweza kuunguza pazia lililo karibu. Taa za LED hazichomi hivyo, na hata dirisha lenye jua la saa nne asubuhi hutoa mwanga mzuri bila gharama yoyote.

Tukifika jikoni tutakuta mtungi wa gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini sakafuni ikingoja cheche. Mkinusa harufu yake, msiwashe wala kuzima swichi yoyote. Fungeni mtungi, fungueni madirisha na mtoke nje. Mafuta yakishika moto sufuriani, usimwage maji. Zima gesi kama unaweza kuifikia salama, kisha funika sufuria kwa mfuniko. Aliyeungua apozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno wala unga.

Jiko la makaa nalo hupendeza kwenye picha za maisha ya zamani. Lakini likiwashwa katika chumba kilichofungwa ili kelele za nje zisisikike, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Onyesho hilo lipigiwe nje.

Tupande paani, mahali ambapo nguo huanikwa na vijana hupenda kupiga picha jua linapotua. Pima ule ukuta wa ukingoni. Ukiishia chini ya kiuno, mtu asiukaribie wala kuukalia, hata kwa dakika moja. Tazama pia nyaya za umeme zinazopita karibu na roshani. Kijiti cha simu chenye chuma hakipaswi kunyooshwa huko.

Kituo cha mwisho ni uani, na hatari ya hapa haitokani na vifaa. Tuseme hadithi ni ya ujambazi. Mvulana anakimbia na bastola ya kuchezea huku mwenzake akipiga mayowe, "Mwizi!" Jirani aliye dirishani haoni kamera. Sisi wakazi wa Nairobi tunajua neno hilo linavyoweza kukusanya umati, na umati haungoji maelezo. Polisi naye hawezi kujua kwa mbali kwamba bastola ni ya plastiki. Onyesho kama hilo lipigiwe ndani, na majirani pamoja na mlinzi waarifiwe mapema.

Ziara imekwisha, lakini daftari lisifungwe. Andika kila hatari, nani anaweza kuumia, itazuiwaje na nani atahakikisha imezuiwa. Hatari inayoweza kuondolewa kabisa iondolewe. Isiyoweza kuondolewa ipunguzwe. Ikishindikana, hadithi ibadilishwe, kwa kuwa hakuna alama ya mtihani inayolingana na mguu wa mtoto. Ukutani bandikeni nambari za dharura, 999 na 112, pamoja na simu ya mzazi aliye karibu.

Mwisho, mpeni mmoja wao kazi ya usalama peke yake. Asiwe mwelekezi, maana mwelekezi hutamani picha. Akisema "simama", wote wasimame, hata kama jua linatua na picha nzuri inapotea. Kesho jua litatua tena.