Swali Ambalo Fundi Hakuuliza

Barabara itokayo Jinja kwenda Kampala, pale ipitapo ndani ya msitu wa Mabira, haimhurumii dereva ambaye gari lake limepungukiwa nguvu. Malori ya miwa na matangi ya mafuta yatokayo pwani hupita hapo usiku na mchana, na nafasi ya kulipita lori moja kabla ya jingine kutokea mbele ni ndogo. Ni mahali hapo, mapema mwezi wa Januari, ambapo sajini mmoja wa polisi, akirudi kazini baada ya likizo ya Krismasi pamoja na mkewe na watoto watatu, alikanyaga pedali ya mafuta ili alipite lori la miwa, na gari lake likakataa.

Halikuzimika. Injini iliendelea kunguruma kwa sauti ya chini, taa ya manjano yenye picha ya injini ikawaka kwenye dashibodi, na pedali ikawa kama ubao: hata ilipokanyagwa hadi chini, mwendo haukuongezeka. Gari lililokuwa likija mbele lilimulika taa na kupiga honi. Sajini akarudi nyuma ya lori, akawasha taa za tahadhari, akalitoa gari kando ya barabara. Mkewe hakusema neno. Alikuwa amemkumbatia mtoto mdogo kwa mikono yote miwili. Baada ya dakika chache Sajini alizima injini, akaiwasha tena, na gari likaenda kana kwamba hakuna lililotokea. Walifika kambini salama, lakini mama huyo alisema wazi kwamba hatapanda tena gari lile mpaka ugonjwa wake ujulikane.

Yafaa kwanza ieleweke ni nini kilichotokea. Katika magari ya zamani, pedali ya mafuta ilivuta waya wa chuma, na waya ule ulifungua kilango cha hewa kwenye kabureta. Waya ulipokatika, hata dereva asiyejua ufundi aliuona umekatika. Magari mengi ya siku hizi hayana waya huo. Pedali imekuwa mpeleka habari tu. Ndani yake mna vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa, vinavyoipelekea kompyuta ya injini habari ya kiasi ambacho mguu umekanyaga. Kompyuta ndiyo hutoa amri kwa mota ndogo ya umeme, na mota hiyo, kwa kuzungusha gia ndogo, hufungua kilango cha hewa ambacho mafundi hukiita throto. Hewa ikiingia kwa wingi, kompyuta huongeza mafuta kwa kadiri yake.

Kwa kuwa kilango kikifunguka bila amri watu wanaweza kufa, watengenezaji hawakuamini shahidi mmoja. Wameweka vihisi viwili kwenye pedali, na vingine viwili kwenye throto. Ni kama askari wawili wanaolinda lango moja: kila mmoja hutoa ripoti yake, na ripoti hizo lazima zipatane. Zikipingana, kompyuta haikai kuchunguza ni nani mkweli. Huiondolea mota nguvu, na springi hukirudisha kilango mahali ambapo hubaki wazi kidogo sana, kiasi cha kuliwezesha gari kujikokota hadi kando ya barabara. Kwa hiyo pedali ile iliyokufa ndani ya Mabira haikuwa ajali ya mtambo. Ilikuwa ni kinga, ingawa ilikuja mahali pabaya.

Siku ya pili Sajini alilipeleka gari kwenye karakana mjini. Kijana alichomeka mashine yake kwenye tundu lililo chini ya usukani, na katika muda usiozidi dakika mbili akasoma namba: P2135. Namba hiyo maana yake ni kwamba ripoti za vihisi viwili vya throto hazipatani.

“Afande, throto imekufa,” alisema kijana. “Tubadilishe.”

Throto iliyotumika, iliyotoka katika gari kuukuu, ilipatikana kwa shilingi 350,000. Fedha ambazo Sajini alikuwa nazo zilikuwa ni ada ya binti yake mkubwa, na shule zilikuwa zikifunguliwa mwanzoni mwa Februari. Alihesabu siku, akaona kwamba mshahara utaingia kabla hajachelewa sana. Akalipa. Throto ikafungwa, taa ya manjano ikazimwa kwa mashine, na gari likaenda vizuri kwa muda wa siku nne.

Siku ya tano, kwenye barabara ya mashimo karibu na kambi, taa ikawaka tena na pedali ikafa tena. Mashine ikatoa namba ile ile. Safari hii kijana alitikisa kichwa, akasema kwamba maadamu throto ni nyingine, basi mgonjwa ni kompyuta yenyewe, na kompyuta ni shilingi 1,200,000. Alipoulizwa kama atairudisha ile throto dukani, alijibu kwamba kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudishwi.

Jioni hiyo palikuwa na maneno nyumbani. Mama watoto hakupaza sauti, kwani kuta za kambi ni nyembamba, lakini alisema jambo ambalo lilimuuma mumewe kuliko kelele: “Baba watoto, wewe kazi yako ni upelelezi. Mtu akikuletea mshitakiwa mmoja, akaachiliwa kwa kukosa ushahidi, kisha akakuletea wa pili kwa neno lile lile, ungemfunga?”

Sajini hakuwa na jibu. Asubuhi alikwenda kumwona mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu ambaye katika utumishi wake alikuwa fundi wa redio za jeshi, na ambaye sasa hutengeneza redio na nyaya za magari chini ya mwembe, nje ya nyumba yake.

Mzee hakuifungua boneti. Alimkaribisha kiti, akauliza: “Mwanangu, gari hili linaugua wakati gani? Likiwa baridi au likiwa moto? Mahali tambarare au penye mashimo?” Sajini akajibu kwamba ni likiwa moto, na zaidi penye mtikisiko. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na kabla halijaanza kuugua, lilifanywa nini?”

Ndipo Sajini alipokumbuka. Siku mbili kabla ya kwenda nyumbani kwa Krismasi, alilipeleka gari kuoshwa ili wazee wake walione linang'aa. Kijana muoshaji alimshauri aoshe na injini, na yeye mwenyewe alisimama hapo akitazama mpira wa maji yenye kani kubwa ukipigwa kila pembe chini ya boneti. Hakuna aliyemwuliza jambo hilo, naye hakuliona kuwa ni habari.

“Sasa tunaweza kufungua,” alisema mzee.

Kazi iliyofuata haikuhitaji mashine ya gharama. Mzee alianza na betri, kwa kuwa kompyuta iliyopungukiwa umeme hutoa malalamiko ya uongo. Betri nzima, injini ikiwa imezimwa, huonyesha takriban volti 12.6, injini ikiwaka, umeme wa kuchaji aghalabu huwa kati ya volti 13.5 na 14.7. Hapo hapakuwa na kasoro. Akakagua waya wa athi unaounganisha injini na bodi ya gari, akaukuta umekazwa. Kisha akageuza ufunguo bila kuwasha injini, akaingiza sindano nyembamba za kipimo chake nyuma ya plagi ya throto. Kwanza alitafuta umeme unaotoka kwenye kompyuta kuvilisha vihisi, ambao katika magari mengi ni volti 5. Ulikuwapo kamili. Maadamu kompyuta ilikuwa ikivilisha vihisi ipasavyo, hapakuwa na sababu ya kuihukumu kabla ya nyaya kukaguliwa.

Baada ya hapo alipima ripoti za vihisi vyenyewe. Katika gari la aina hiyo, kihisi kimoja hupanda kilango kinapofunguka, na kingine hushuka, hivi kwamba ukijumlisha volti za vyote viwili unapata karibu 5 wakati wote. Katika magari mengine vyote viwili hupanda pamoja, kila kimoja kwa kiwango chake. Kwa hiyo ni lazima fundi ajue kawaida ya gari alilo nalo kabla ya kusema kwamba namba ni mbaya. Kihisi cha kwanza kilikuwa 0.7, cha pili 4.3. Sajini akaambiwa akanyage pedali polepole. Kimoja kikapanda, kingine kikashuka, bila kuruka. Walinzi wote wawili walikuwa wakisema kweli.

“Sasa tazama hapa,” alisema mzee, akashika fungu la nyaya kwa vidole viwili na kulitikisa taratibu. Ile 4.3 ikaanguka ghafula karibu na sifuri, ikarudi, ikaanguka tena. Papo hapo taa ya manjano ikawaka.

Plagi ilipochomolewa, ilionekana ndani yake pini moja yenye kutu ya kijani, na kimfuniko cha mpira kinachozuia maji kilikuwa kimehama mahali pake. Maji ya kuoshea yaliingia siku ile, yakakaa, yakala shaba polepole kwa majuma kadhaa. Injini ilipopata moto na gari kutikisika, pini hiyo iliachana na mwenziwe kwa kitambo kidogo mno. Lakini kitambo hicho kilitosha kwa kompyuta kusikia ripoti mbili zinazopingana. Ilikuwa dhahiri pia kwa nini gari lilipona kwa siku nne. Si throto nyingine iliyoliponya. Kule kuchomoa na kuchomeka tena plagi kulikwangua kutu kidogo, pini zikashikana, kisha zikaachana tena.

Mzee alitoa waya wa betri, akasafisha pini kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ile iliyoliwa akaibadilisha, akarudisha kimfuniko mahali pake na kufunga fungu la nyaya lisitikisike. Aliomba shilingi 30,000.

Kabla ya kumaliza, alimwonyesha Sajini mambo ambayo kila mwenye gari la namna hii hufaidika akiyajua. Si kila ugonjwa wa throto ni wa nyaya. Injini ikitetemeka au kuzima gari likisimama, mara nyingi ni masizi yaliyoganda kuzunguka kilango, na hayo husafishwa kwa dawa yake na kitambaa laini. Lakini hapo ufunguo uwe umetolewa na waya wa betri umefunguliwa, na kilango kisisukumwe kwa nguvu ya kidole kama ilivyokuwa desturi kwenye kabureta. Katika throto nyingi gia zake ni za plastiki na huvunjika. Na umeme ukiwapo, mota inaweza kukifunga kilango juu ya kidole. Hali kadhalika, baada ya kusafisha au kubadilisha throto, magari mengi huhitaji kompyuta ifundishwe upya mahali kilango kinapofungia, kwa utaratibu wa kila mtengenezaji. Asiyefanya hivyo huona injini inanguruma kupita kiasi, akadhani ameliharibu gari. Na namba ikiwa ni P2138, basi wanaopingana ni vihisi vya pedali, wala si vya throto. Atakayeibadilisha throto kwa namba hiyo atakuwa amemkamata jirani wa mshitakiwa.

Mambo madogo ya namna hii yamewahi kusumbua mataifa makubwa. Mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Toyota iliyaita mamilioni ya magari yake yarekebishwe, baada ya watu nchini Marekani kulalamika kwamba magari yaliongeza mwendo yenyewe. Wengi walishuku umeme wa throto. Wahandisi wa NASA walipewa kazi ya kuchunguza, na katika ripoti iliyotolewa Februari 2011 ilielezwa kwamba hawakupata hitilafu ya umeme iliyoweza kukifungua kilango kwa kiasi kikubwa cha kuhatarisha maisha. Sababu zilizokuwa zimejulikana zilikuwa ni mazulia ya sakafuni yaliyoibana pedali, na pedali zilizokwama. Kwa hiyo hata askari anayekaribia kuendesha gari la kikosi hapotezi kitu akiinama kwanza na kutazama kama zulia limekaa mahali pake.

Gari la Sajini limepita Mabira mara nyingi tangu siku ile, na taa ya manjano haijawaka. Safari ya kwanza mkewe alikaa kiti cha nyuma, ameshika mlango. Safari ya pili alikaa mbele. Injini haioshwi tena kwa mpira wa maji. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo.

Lakini binti mkubwa aliingia shuleni akiwa amechelewa siku tisa, na ilimbidi anakili masomo ya hesabu kutoka daftari za wenzake. Throto ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, imo ndani ya boksi juu ya kabati la chumba cha kulala. Mama watoto amekataa isiuzwe. Husema kwamba mumewe akitaka kutoa fedha kwa neno la mtu mmoja, na aitazame kwanza.

Mashine ya karakana haikusema uongo. Ilisema kwamba ripoti mbili zinapingana, wala haikusema ni kwa nini. Aliyeigeuza ripoti ikawa hukumu ni mtu, na aliyelipa ni mtoto wa shule. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Fundi akiulizwa, “Umepima nini?” naye hana jibu, mkono na ubaki mfukoni.