Kijiko Mkononi Mwake

"Mkabe tu, atameza," mama alinishauri. Ndivyo tulivyolelewa: pua inabanwa, uji unashuka. Lakini mwanangu ana mtindio wa ubongo. Uji wa kukabwa ungeweza kumwingia mapafuni. Mtaalamu wa kliniki akanionyesha njia nyingine: mtoto akae wima, uji uwe mzito, mpini wa kijiko uzungushiwe kitambaa aweze kuushika, nami nimshike mkono, kisha nilegeze kidogo kidogo. Miezi minane nikawa nafuta uji ukutani. Mimi, mwandishi ninayekimbizwa na dedlaini, nikajifunza kungoja. Juzi kafikisha kijiko mdomoni mwenyewe. Nusu ilimwagika. Mama akanyamaza, akajifuta macho kwa kanga. Siku hizi yeye ndiye anayewakataza majirani kukaba watoto.