Wosia kwa Anayeipokea Kwaya

Mwanangu,

Kwaya sasa ni yako. Nyimbo za dini na za kienyeji utazimudu, umekulia humo. Ninalokuusia ni zile za michezo ya jukwaani, za Broadway na London, maana kila mahafali yakikaribia utaombwa uwafundishe watoto.

Wimbo wa aina hiyo una mwenyewe. Kuna mtu ambaye maneno ya kawaida yamemshinda, ndipo akaimba. Na kuna anayeimbiwa. Kabla hujawapa watoto noti hata moja, waeleze ni nani anamwimbia nani, na nini kimetokea dakika moja kabla.

Chukua "You'll Never Walk Alone". Vijana watakwambia wanaujua, kwani huusikia kwenye mechi za Liverpool. Kweli, mashabiki waliushika baada ya Gerry and the Pacemakers kuurekodi mwaka 1963. Lakini Rodgers na Hammerstein waliutungia mchezo wa Carousel, uliofunguliwa New York Aprili 1945, vita bado vinapiganwa na nyumba nyingi za Marekani zina msiba. Mchezoni, Billy amejaribu kuiba, mambo yakamharibikia, akafa kwa kisu chake mwenyewe. Mkewe Julie ni mja mzito. Binamu yake, Nettie, ndiye anayemwimbia.

Wasimulie hayo bila haraka. Kisha wayaseme maneno, wasiyaimbe, kila mmoja akimwambia mwenzake aliyekaa naye uso kwa uso. Hapo watagundua wenyewe pa kuvuta pumzi. Wakiachwa na karatasi, hupumua kila mstari unapokatika, hata kama wazo halijatimia, na faraja yote inakatika vipande vipande. Tuni yenyewe inaanza chini na kupanda polepole hadi mwishoni kabisa. Aliyeanza kwa kelele za uwanjani atafika juu hana akiba. Waanze kama mtu aliyeketi mkekani na mfiwa. Mtoto yeyote wa huku ameshawahi kuona jinsi watu wazima wanavyosema na mfiwa, kwa hiyo hutalazimika kueleza sana. Na wavulana ambao sauti zao zinavunjika, wasijikaze kwenye noti za juu. Wanyamaze hapo, hakuna atakayejua.

Wimbo huohuo unarudi mwisho wa mchezo, kwenye mahafali ya Louise, binti aliyezaliwa baada ya Billy kufa. Safari hii anayeimba ni umati mzima. Mimi hupenda kuanza na sauti chache za wasichana, zote kwenye tuni moja, kisha sauti zote nne ziingie wimbo unaporudiwa. Hivyo unapata msiba na mahafali kwa wimbo mmoja, na wazazi huelewa, hata wasiojua Kiingereza.

Usiwafundishe nyuso. Ukimwambia mtoto "tabasamu!" utapewa meno tu. Wako majaji wa mashindano wanaofurahia mikono inayopungwa kwa pamoja kama mabango. Waache wafurahie, nawe usiwaongezee.

"Edelweiss" ya The Sound of Music wengi huidhani ni wimbo wa kale wa Austria. Ni wa mwaka 1959, na hayo ndiyo maneno ya wimbo ya mwisho aliyoyaandika Hammerstein kabla ya kufariki mwaka uliofuata. Mchezoni anayeimba ni Kapteni mmoja wa Austria, anaiaga nchi yake iliyokwisha kumezwa na Wanazi. Usiuharakishe, wala usiwaache watoto wayumbe kwa sababu tu una mapigo matatu.

Utashangaa kwamba wimbo unaowasumbua kuliko zote ni "Hakuna Matata" wa The Lion King. Kwa kuwa neno ni la kwetu, wanaona hapana la kujifunza. Wanaruka, wanacheka, basi. Waulize anaimbiwa nani. Ni Simba, mtoto aliyekimbia kwao akiamini amemuua baba yake. Timon na Pumbaa, wanaomwimbia, wana kazi ya kumtoa kwenye huzuni ambayo hawajui hata chanzo chake. Mchague mtoto mmoja awe Simba, yule mgumu kucheka kuliko wote darasani, umsimamishe mbele ya kwaya. Wengine wamwimbie yeye, si ukuta wala si mimi niliyekaa nyuma. Asipocheka, warudie.